Kiambaza cha Mguu wa Mama

Ukisimama kwenye mlango wa jiko la mama, kule milimani Kathiani, uliliona paa la zahanati. Asubuhi kukiwa kimya ulisikia hata mlango wake wa bati ukiburutwa sakafuni, kwa sababu fremu ilikuwa imepinda na hakuna aliyeinyoosha. Naanza na jambo hili kwa kuwa kila ninapowaeleza watu habari za mguu wa mama, swali lao la kwanza ni kama tulikuwa mbali na matibabu. Hatukuwa mbali. Katikati palikuwa na shamba la mahindi, kijito kinachokauka mapema, na mwinuko mdogo.

Mimi ni fundi wa mbao. Karakana yangu ilikuwa Machakos mjini, na huko ndiko nilikoishi na mke wangu na watoto. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kusoma sikuacha. Mama alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilinunua sokoni kitabu cha wauguzi kilichopoteza jalada, nikakisoma jioni kwa jioni nikiwa na kamusi kando. Sura ya miguu niliirudia mpaka kurasa zake zikalegea. Ilisema kwamba ugonjwa huu huua hisia za mguu polepole, kwamba mgonjwa anaweza kukanyaga msumari asijue, na kwamba kidonda kisichosafishwa ipasavyo mwisho wake ni kukatwa mguu. Tangu hapo, kila nilipokwenda nyumbani nilimwomba mama avue viatu.

Alikuwa akicheka. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa mchunguzi wa kwato.

Kidonda nilikiona siku moja ya Jumapili, chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Kijiwe kilikuwa kimeingia katika kiatu chake cha tairi na kukaa humo, sijui tangu lini. Yeye hakuwa amesikia kitu. Nilimpeleka hospitali ya mjini, akakaa kwangu majuma kadhaa, na kidonda kikaanza kupungua. Kisha mvua ikanyesha, naye akasema hawezi kukaa mjini akiangalia barabara ya lami huku shamba lake likiota magugu. Akarudi kwake.

Daktari aliyekuwa akimwangalia alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili kizuri sana ambacho mama hakukielewa. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni: bei, salamu, na maneno machache ya kumkemea kondakta. Wauguzi wengi walijua Kikamba lakini foleni haikuwapa nafasi ya kukaa kitako na mtu mmoja, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Daktari alinieleza mpango. Kitambaa kibadilishwe nyumbani kila siku, jambo ambalo mama mwenyewe aliliweza. Lakini mara moja kwa juma ilibidi mtu aliyesomea akate nyama iliyokufa pembeni mwa kidonda, maana ikiachwa huziba na kuoza kwa ndani. Akauliza kama kuna zahanati karibu na nyumbani.

Nikamwambia ipo.

Akauliza kama yuko mtu pale anayeweza kazi hiyo. Nikamwambia yuko tabibu mmoja, kijana hodari, wa kwetu, na Kikamba ndiyo lugha aliyonyonya. Tena ni mume wa dada yangu mdogo.

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi nyinyi mna bahati kubwa," akasema, na akaanza kuandika.

Sikujua nianzie wapi.

Kwetu Ukambani, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuepukana. Heshima hiyo tunaiita nthoni, na ndani yake mna aibu na adabu kwa pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia nyasini na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawatajani majina. Miaka ile vijana wengi walikuwa wameiacha, na kanisani hakuna aliyeihubiri wala aliyeikataza. Mama aliishika bila kelele, kama alivyoshika kufunga kitambaa kichwani. Asiyejua angedhani wanachukiana. Kumbe walipendana kuliko wakwe wengi niliowahi kuwaona. Shemeji hakukosa kutuma majani ya chai. Mama naye, maparachichi yakikomaa, alichagua makubwa, akayafunika kwa kitambaa na kusema apelekewe mtu yule.

Shemeji alipohamishiwa zahanati yetu, mwaka mmoja kabla ya kidonda, kijiji kizima kilifurahi. Waliomtangulia walitoka mbali, na wazee walikuwa wamechoka kuonyesha kwa vidole mahali panapouma. Sasa amekuja mtu unayeweza kumweleza ugonjwa wako kuanzia mwanzo, na habari za babu yako zikiwemo. Mama peke yake ndiye ambaye hakufurahi. Aliacha hata kuipita njia ya zahanati, akawa anazunguka kwa upande wa kijito.

Palikuwa na muuguzi pia, mama wa makamo aliyekuwa akifunga vidonda. Alistaafishwa mapema katika ile punguza punguza ya wafanyakazi wa serikali, na nafasi yake haikujazwa. Zahanati ikabaki na shemeji na mama mmoja wa usafi, mjane, jirani yetu.

Nilimwambia mama alichosema daktari. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na hakuinua macho.

"Nimwonyeshe mguu mume wa mwanangu?"

"Ni daktari, mwaitu," nikasema. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama.

"Akivua lile koti jeupe anakuwa nani?"

Nilimweleza kuhusu nyama iliyokufa, nikamweleza kuhusu kukatwa mguu, yote kwa Kikamba kilicho wazi. Alinisikiliza vizuri. Aliniuliza maswali ya maana, kama sukari huingiaje mguuni hali haitii chai yake sukari. Alielewa kila kitu. Ndipo nilipogundua ubaya wa jambo lenyewe: nilikuwa nimezoea kuamini kwamba watu wetu hawatibiwi vizuri kwa sababu hawaelezwi kwa lugha yao, na sasa mama ameelezwa, ameelewa, na bado haendi.

Nikaenda kwa shemeji. Nilitegemea kwamba yeye, aliyesomea chuoni, angenisaidia. Alinipa kiti, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kwamba amezalisha wanawake, ameosha vikongwe, ameona yote ambayo mtu anaweza kuonyeshwa. "Lakini huyo, shemeji," akasema, "hata nikitaka, mikono yangu itakataa." Dada yangu, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi upande wa Wamunyu na kuja kwa mumewe likizoni tu, aliniambia kwamba mama akivuliwa kiatu mbele ya mume wake, yeye ndiye atakayeona aibu kuishi na mume huyo. Wote watatu walizungumza nami kwa upole. Hakuna aliyekuwa mjinga, hakuna aliyekuwa mkaidi. Niliondoka pale nikitamani kumpata hata mmoja wa kugombana naye.

Juma hilo mama hakwenda. Juma lililofuata pia hakwenda. Nilipokagua, pembe za kidonda zilikuwa nyeupe na ngumu kama ukingo wa kwato, na harufu ilikuwa imeanza.

Mama mwenyewe ndiye aliyenipa njia, bila kukusudia. Siku hiyo nilikuwa nimenuna, naye hakupenda kuniona nimenuna, akaanza kunisimulia mambo ya zamani ili nisahau. Alisema hata mama yake aliepukana na baba yangu, lakini likitokea jambo la lazima, baba alikuja nyumbani, akakaa upande ule wa kiambaza, ule ukuta wa fito uliogawa nyumba, na nyanya akakaa upande huu. Walizungumza hivyo mpaka jambo likaisha, na hawakuonana.

"Na kama nyanya angekuwa na kidonda?" nikauliza.

"Kiambaza hakikuwa na tundu," mama akasema, akacheka mwenyewe.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kupima.

Nilitumia mbao za saiprasi zilizokauka vizuri, nikazipiga randa, nikatengeneza fremu mbili na kuziunganisha kwa bawaba ili kiambaza kisimame chenyewe na kukunjika kikibebwa. Kwa kimo, kilimfunika mtu aliyeketi pamoja na kichwa chake na kilemba. Turubai nilinunua kwa madereva wa malori kule Mlolongo, nikalichemsha, nikalifua, nikalinyoosha kwa pasi ya makaa. Upande wa chini, usawa wa kigoda, niliacha tundu. Tundu hilo nililizungushia kitambaa chenye lastiki, kama mkono wa sweta, ili mguu ukipita kifunge juu ya kifundo na kitu kingine kisionekane. Kitambaa hicho kilivuliwa kwa vifungo, kwa kuwa kitabu kilisisitiza kuchemsha kila kinachogusa karibu na kidonda.

Mama alikikagua kiambaza uani kwake kama anayenunua ng'ombe. Alizunguka nyuma, akaketi, akaniambia nisimame mbele na kuchungulia kila upande. Kisha akatoa uamuzi.

"Tundu ni kubwa."

"Ni la mguu, mwaitu."

"Hili ni la kichwa cha mbuzi. Punguza."

Nilipunguza. Akauliza kama mtu yule atavaa glavu, nikamwambia atavaa. Hilo lilimtuliza sana. Glavu nazo alizihesabu kuwa kiambaza.

Shemeji alipokiona alikaa kwanza, akakiangalia, akafungua na kufunga bawaba. Hakusema neno juu ya mila wala juu ya elimu. Alisema tu kwamba tundu liko usawa mzuri, hatalazimika kuinama.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Mama aliingizwa kwanza, akaketi, akapitisha mguu. Ndipo shemeji akaingia na kuketi upande wa pili. Mama wa usafi aliweka kiti chake mwishoni mwa kiambaza, mahali pa kuwaona wote wawili, maana kuzungumza moja kwa moja wasingekubali, na kazi ya kupeleka maneno tulikuwa tumempa yeye.

"Mwambie mama naanza kukata," shemeji akasema. "Akisikia uchungu aseme."

Mama wa usafi akageuka. "Anasema anaanza kukata. Ukisikia uchungu useme."

"Mwambie hakuna uchungu. Huo mguu ulilala zamani."

"Anasema ulilala."

"Mwambie hiyo ndiyo shida yenyewe."

"Anasema hiyo ndiyo shida."

Lugha ilikuwa moja, chumba kilikuwa kimoja, na sauti za wote zilisikika mpaka nje kwenye foleni. Mama wa usafi alivumilia kwa muda, kisha akashindwa. "Nyinyi mnasikiana," akasema. "Mate yangu mnayamaliza bure."

"Wewe peleka maneno," mama akamjibu. "Mate utaongezewa uji."

Nikasikia shemeji akicheka upande wa pili, na mama naye akajiziba mdomo kwa leso.

Kazi ikaendelea hivyo, juma kwa juma. Mimi nilirudi karakanani, na habari nililetewa: pembe zimekuwa laini, harufu imekwisha, nyama nyekundu inaota kutoka chini. Nilipokwenda kujionea, kidonda kilikuwa kimepungua kikawa kama kifungo cha shati. Wazee wengine walianza kukiulizia kiambaza. Kulikuwa na mzee aliyekataa kwa muda mrefu kudungwa sindano ya makalio na kijana aliyemjua tangu akichunga ng'ombe. Akadungwa nyuma ya kiambaza, akaenda zake. Nilijisikia vizuri wakati huo, na sitaficha kwamba nilianza kufikiria kutengeneza vingine.

Kisha wakaja wageni. Afisa mmoja kutoka ofisi ya mjini alizungusha watu wa msaada katika zahanati za upande wetu. Sikuwepo, alinisimulia mama wa usafi. Walikuta kazi inaendelea: mguu wa mtu umetokeza kwenye turubai, tabibu ameketi mbele yake, na mwanamke kwenye kiti cha kando akirudia maneno ya Kikamba kwa Kikamba. Mgeni mmoja akauliza hiki ni nini, akaelezwa, akacheka kwa mshangao na kutoa kamera. Afisa akamwomba asipige picha. Hakusema lolote mbele ya wageni. Gari lilipokuwa likiwashwa alirudi ndani peke yake, akaamuru kile kitu kiwekwe stoo na kisionekane tena.

Mama alikuwa bado nyuma ya turubai. Alisikia kila neno, na afisa alikuwa amesema kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mama alikielewa. Alitoa mguu, akavaa kiatu, akatoka. Hakurudi tena pale.

Nilimfuata afisa ofisini kwake. Alikuwa mama wa rika langu, nadhifu, Mkamba kama mimi. Nilimsalimia kwa Kikamba, akaniitikia kwa Kiswahili, nami nikalazimika kuendelea kwa Kiswahili. Nilikuwa nimepanga hoja zangu kwa mfuatano: kidonda kilivyokuwa, kilivyo sasa, kitambaa kinavyovuliwa na kuchemshwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, nami namshukuru kwa hilo. Alisema turubai huficha viini vya magonjwa. Nikamweleza tena kuhusu kuchemsha. Alisema kuwa hana tatizo na usafi wangu. Kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Mzee, mimi pia niko na mkwe. Najua hayo mambo. Lakini hii ni zahanati ya serikali. Mgonjwa ndiye anazoea huduma. Huduma haiwezi kuzoea kila mgonjwa."

"Na mguu?" nikauliza.

"Mlete hospitali ya hapa mjini."

Nikamwambia kwamba mama yule yule ameagizwa asikanyage sana mguu huo, na sasa anaagizwa asafiri nao kila juma kupita mlango wa zahanati. Akaniambia anaelewa. Kila nilichosema alikielewa. Nilitoka pale na kofia mkononi, nikasimama kwenye ngazi, na nakumbuka nilikuwa nahesabu misumari ya mlango wa ofisi ile kwa sababu sikujua la kufanya na hasira yangu.

Sikukata tamaa. Kiambaza kingine ningekitengeneza. Shida ilikuwa mahali. Kwa mama shemeji hawezi kuingia, na kwa shemeji mama hawezi kuingia. Nikapendekeza nyumba ya mama wa usafi, ambaye alikubali mara moja na kuuliza juu ya uji wake. Shemeji akakubali kuja huko Jumamosi baada ya kazi. Mama baada ya kulifikiria akakubali. Nikanunua mbao. Kabla ya Jumamosi hiyo, shemeji akahamishwa kwenda Yatta, aripoti mara moja. Kama uhamisho huo ulihusiana na kiambaza, sijui, na sitasema nisilolijua. Nafasi yake ilikaa wazi muda mrefu. Mlango wa bati ukanyamaza.

Nilimsihi mama arudi kwangu mjini. Alisema atakuja baada ya kuvuna. Mke wangu alipokwenda kumwona aliambiwa kidonda kimekauka, na mama alikuwa amevaa soksi, mbili, moja juu ya nyingine. Mke wangu aliporudi na habari hiyo nilimuuliza kama aliuona mguu wenyewe. Alisema angewezaje kumvua mama mkwe wake soksi, na mimi ninajua adabu ilivyo. Nilipiga meza kwa kiganja. Wiki hiyo nilikuwa na milango ya kanisa ya kumaliza, nikasema Jumapili nitakwenda mwenyewe. Dada yangu alifika kwa mama kabla yangu, shule zilipofungwa, na harufu ilimpokea uani.

Tulimpeleka mama hospitali ya mjini siku hiyo hiyo. Daktari wa pwani alikuwa bado yupo. Alifungua kitambaa, akakifunga tena taratibu, akaniita nje ya wodi. Alichosema nilikuwa nimekisoma zamani kwenye kile kitabu. Nikarudi kumweleza mama, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote akakataa kunisikiliza.

"Wewe ni fundi wa mbao," akasema. "Sitakatwa mguu kwa maneno ya fundi wa mbao, wala ya huyu anayezungumza kama redio. Niletee mtu yule aniambie."

Shemeji alifika kesho yake, na vumbi la Yatta kwenye suruali. Alisimama mlangoni mwa wodi, uso ameugeuzia ukutani. Muuguzi, msichana wa kwetu, alimtazama, akamtazama mama aliyekuwa amejifunika leso usoni, akaelewa bila kuambiwa. Alivuta pazia la kitanda. Hospitali ile ilikuwa na pazia la kijani kila kitanda, limetundikwa kwenye reli, na hakuna aliyelionea aibu. Shemeji aliketi upande ule. Mimi nikasimama mwisho wa kitanda, mahali pa mama wa usafi.

"Mwambie mama kwamba nimeuona," akasema. Alikuwa ameonyeshwa mguu kabla ya hapo, mama akiwa bado amelala. "Umekufa mpaka juu ya kifundo. Ukiachwa, sumu itapanda, na hatutabaki naye."

Nilijua mama amesikia, nami nilikuwa nimechoka.

"Mmesikiana," nikasema. "Mimi sirudii."

Upande ule shemeji alikaa kimya, upande huu mama alikaa kimya, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaacha kuzungumza wakatuangalia. Nilisimama hivyo mpaka nikaona kwamba wataweza kukaa vile hadi jioni, na mguu hauna muda huo. Nikarudia. Nilirudia yote, neno kwa neno, mpaka kwenye sumu.

"Muulize," mama akasema, "kama angekuwa ni mama aliyemzaa yeye, angefanyaje."

Nikauliza. Nilimwona shemeji akifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mwambie ningekata."

Nikamwambia. Mama aliitikia kwa kichwa polepole chini ya leso.

"Mwambie asiondoke," akasema. "Akae hapo hapo mpaka waje kunichukua."

Nikamwambia, naye akakaa. Alikaa upande ule wa pazia mpaka kitanda kilipokuja kusukumwa, na kiliposukumwa akageuka ukutani.

Walikata chini ya goti. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, ndiyo maana najua kwamba ushauri ulikuwa sahihi. Magongo nilimtengenezea mwenyewe, nikayafunika kwapani kwa mpira na kitambaa. Nilipita pia zahanati kuuliza kiambaza changu, kwa kuwa nilitaka kukirudisha nyumbani. Msichana mpya wa pale, aliyekuwa mchangamfu na hakujua historia yake, alinionyesha: walikuwa wamekitoa stoo na kukisimamisha pembeni pa kupimia watoto uzito, kizuie upepo wa mlangoni. Tundu walikuwa wameliziba kwa kipande cha plaiwudi. Walitumia misumari mirefu kupita kiasi, na mbao yangu ilikuwa imepasuka. Nikakiacha.

Mara ya mwisho kuwaona wote wawili mahali pamoja ilikuwa asubuhi moja baada ya mvua. Shemeji na dada walikuwa wamekuja kutuletea mtoto wao mchanga tumwone, naye shemeji, aliyelala kwa jirani, alikuwa akirudi stendi peke yake. Mimi nilikuwa nikimsindikiza mama kanisani. Tulikutana naye kwenye ile njia ya shamba la mahindi. Zamani mama ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuingia nyasini. Sasa magongo yalizama kwenye udongo uliolowa, akajaribu kugeuka na akashindwa, akabaki katikati ya njia ameshikilia leso mdomoni. Shemeji alikuwa amevaa suti. Aliingia shambani moja kwa moja, akazunguka mbali katikati ya mahindi yaliyojaa maji, na tukasikia majani yakimpiga.

Nilingoja mpaka akatokeza upande wa pili, amelowa mpaka kiunoni.

"Amepita, mwaitu," nikasema. "Twende, ibada imeanza."

"Najua amepita," akasema. Alikuwa bado amegeuza uso, amesimama kwa mguu mmoja. "Ngoja afike mbali."